Dakika Mbili na Nusu za Brendah

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imenyesha adhuhuri, na foleni ya malori kutoka lango la mpaka imefika Korinda. Daftari hili nimepewa na Apolot, binti anayenisaidia ofisini. Amesema mtu anayejua kulalamika kama mimi afadhali awe analalamikia karatasi, yeye apumzike. Haya, karatasi, tega sikio. Mimi ni Protus Egesa, mzaliwa wa Sigalame, wakala wa forodha hapa Busia mwaka wa thelathini na moja sasa. Kazi yangu ni kuhakikisha mzigo wa mtu unavuka kwenda Uganda ukiwa na kila karatasi na kila muhuri. Wenzangu wamewahi kulaza malori wiki nzima kwa uzembe. Mimi sijawahi, na sitaanza uzeeni.

Leo Kibet, dereva wa kutoka Eldoret, alikuja na fomu isiyo na muhuri. "Boss, ni stamp moja tu imekosa. Si uongee na hao watu wako?" Nikamwambia ninalowaambia wote: karatasi bila muhuri ni ya kufungia mandazi. Akaondoka akinung'unika. Anung'unike, mimi sikumzaa.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Foleni bado Korinda.

Jumapili, 9 Machi

Brendah, binti yetu, amepiga simu kutoka London. Humpigia mama yake kila Jumapili baada ya misa, na mimi hutoka nje kuangalia ng'ombe nisiokuwa nao. Leo Wilkister, mke wangu, alinifuata hadi uani akaninyooshea simu. "Baba Brendah, leo anakutaka wewe."

"Baba, habari ya huko?"

"Nzuri."

"Mvua?"

"Iko."

Hayo ndiyo mazungumzo yetu marefu zaidi kwa miaka minne. Kisha akasema lile alilopigia. Yumo kwenye kundi la mchezo wa zamani wa Kimarekani, wa kuimba na kucheza jukwaani kwa viatu vyenye vyuma chini. Hucheza kwenye mstari na wasichana ishirini, hutamjua nani ni nani. Lakini wiki ya mwisho, katikati ya Mei, msichana anayecheza mbele peke yake anaondoka, na Brendah atachukua nafasi hiyo. Dakika mbili na nusu. Ameninunulia tiketi ya ndege na kiti cha safu ya tano.

"Kiti kimoja?" nikauliza.

"Kimoja, Baba. Nimeongea na Mama."

Nilimgeukia Wilkister. Alikuwa anachambua mboga kama vile hayamhusu. "Mimi nimemwona akicheza," akasema. "Wewe ndiye hujamwona."

Jumanne, 11 Machi

Nimelala vibaya kwa sababu ya maneno ya mke wangu. Ni kweli. Shule yao ilifika mashindano ya ngoma ya mkoa, wakafika hadi Nairobi, na kila mwaka nilikuwa na malori. Kuna jambo jingine pia, na kwa kuwa hakuna atakayesoma humu, niliandike.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alipigilia vifuniko vya soda chini ya viatu vyake vya shule, akapanda juu ya trela tupu lililoegeshwa mbele ya ofisi yangu, akaanza kucheza kwenye bati lake. Madereva na mataniboi, wasaidizi wao, wakamzunguka wakipiga makofi. Mtu akaniita, "Boss, si huyo ni wako?" Niliona haya. Nikamshusha, nikamvua viatu, nikaazima koleo la dereva na kung'oa vifuniko kimoja kimoja mbele ya wote. Hakulia. Aliondoka peku hadi nyumbani, na toka siku hiyo hakucheza tena nikiwepo.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua na upepo. Foleni imepita Korinda. Nimevuka Uganda mara tatu leo, mara zote chini.

Tuna njia mbili hapa. Juu ni kwenye lango, kwenye kaunta, foleni na mihuri. Chini ni kijia kinachopita nyuma ya kinu cha posho, kati ya choo cha mama mmoja na ua wa mwenzake, ukitokea tayari uko ng'ambo. Bidhaa za wateja wangu hupita juu, hata iwe sindano. Mwili wangu mwenyewe hupita chini kwenda kula matoke na kurudi. Nani atapanga foleni kwa sahani ya matoke?

Jumatano, 2 Aprili

Nilikuwa Nairobi kwa ajili ya visa ya Uingereza, nikiwa na pasipoti yangu mpya ambayo sijawahi kuitumia. Mtu wa mpakani pasipoti ni ya nini? Msichana wa pale aliniuliza nakwenda kufanya nini. Nilikuwa nimetayarisha jibu la maana, la kibiashara. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema, "Kumtazama mtoto wangu akicheza." Akatabasamu. Mimi nilitazama chini kama mtu aliyekamatwa akiwa na kuku wa jirani.

Karatasi zangu alizisifu. Alisema hajaona faili iliyopangika hivyo mwezi mzima.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Visa bado. Nimegombana na Apolot juu ya stepla.

Jumatatu, 28 Aprili

Visa imetoka! Nimemwonyesha Apolot, nimemwonyesha Kibet, nimemwonyesha hata mama wa mandazi, ambaye aliishika kwa vidole vya mafuta nikakaribia kupiga kelele. Omagor, kijana wa Adungosi anayenibeba kwa pikipiki kila siku, aligeuza kurasa zote tupu hadi mwisho akasema, "Mzee, hii kitabu bado ni bikira." Nimecheka hadi machozi. Sikumbuki ni lini nilicheka hivyo barabarani.

Jumatano, 30 Aprili

Apolot amenitafutia kwenye simu video ya watu wanaocheza kwa viatu vya vyuma. Sio kundi la Brendah, ni watu wa zamani, picha haina hata rangi. Sauti yake ni ya mvua inapoanza kwenye mabati, matone machache, halafu yote kwa pamoja. Nilimwambia arudie. Kisha arudie tena.

"Boss, unalia?"

"Ni moshi."

"Moshi gani, boss, na mvua hii yote?"

Nilikuwa nadhani ni kelele tu. Miaka yote nilidhani mtoto wangu anapiga kelele. Nasema wazi, nilikuwa mjinga.

Jumatatu, 5 Mei

Foleni imefika Bumala, watu wanasema ni rekodi. Brendah alitaka nisafiri Jumatano ya tarehe 14 nipumzike kabla. Nina mashine za kiwanda cha maziwa zinazovuka wiki hiyo hiyo, na mteja ni wa miaka ishirini. Nimemwomba abadilishe tiketi iwe Ijumaa. Nitafika London Jumamosi alfajiri, na mchezo wa mwisho ni Jumamosi saa nane na nusu mchana. Akasema, "Sawa, Baba. Kazi kwanza." Alivyosema sikupenda, lakini tiketi amebadilisha.

Wilkister naye anataka nipitie Nairobi kama watu wengine wanaoenda Ulaya. Nimemwambia Entebbe ni karibu zaidi na ndiko tiketi ilikonunuliwa. Uganda ni uani kwangu, nitapoteaje uani kwangu?

Jumatano, 14 Mei

Mashine zimevuka. Hakuna karatasi hata moja iliyorudishwa.

Nilipokuwa napanga begi, Wilkister alitoa kifuko cha kitambaa kutoka nyuma ya sufuria. Ndani kuna vifuniko vya soda vinane, vimepondeka, kila kimoja na tundu la msumari. Aliviokota siku ile, madereva walipoondoka. Miaka kumi na sita amevificha jikoni kwangu na mimi nakunywa chai.

"Umpe," akasema. "Umpe wewe mwenyewe, kwa mkono wako."

Nimeviweka mfuko wa ndani wa koti.

Ijumaa, 16 Mei, ndani ya basi, tumepita Iganga

Naandika mkono ukiruka ruka. Nimeondoka kabla ya jogoo. Suti ya kijivu, viatu vipya, na mvua haikuwa imeacha tangu jana. Apolot alikuja kuniaga, akaniuliza, "Boss, karatasi zako zote ziko sawa?" Nikamwambia, "Wewe unanifundisha mimi kazi?" Maskini, akaniombea safari njema.

Malori yalikuwa yamefunga barabara yote hadi langoni, hakuna pa kupitisha hata baiskeli. Omagor akaniuliza, "Mzee, leo tunapita juu ama chini?" Nikatazama lile tope, nikatazama viatu vyangu. Nikamwambia chini, kama kawaida, kwani leo ndiyo siku ya kujifunza njia? Dakika tatu tukawa kwenye stendi ya mabasi ng'ambo. Ningefuata foleni, basi lingeniacha. Ndiyo faida ya kujua kwenu.

Kesho saa nane na nusu. Nimekariri nitakachomwambia. Ni maneno manne tu lakini nimeyakariri.

Ijumaa, 16 Mei, jioni, Entebbe

Ndege imeondoka. Mimi nimekaa kwenye benchi nje ya uwanja na begi langu, ambalo wamelishusha. Nitaandika yote, kwa mpangilio, kama ripoti, maana nisipoandika nitapasuka.

Nilifika mapema. Kwenye mashine ya kukagua, vifuniko viliifanya ipige kelele, askari akavitoa, akauliza hivi ni vya nini. Nikasema ni vya mwanangu. Akavirudisha kwenye kifuko kwa heshima. Nikapeleka begi, nikapewa kadi ya kupandia ndege, nikaenda kwenye kaunta ya pasipoti nikiwa mtu mwenye furaha kuliko wote waliokuwa kwenye mstari ule.

Mama wa kaunta alifungua pasipoti. Akaona visa, akatikisa kichwa kukubali. Akageuza ukurasa. Akageuza tena. Akaenda hadi mwisho, akarudi mwanzo.

"Ssebo," akaniita, yaani bwana, "uliingia Uganda lini?"

"Leo asubuhi."

"Kupitia wapi?"

"Busia."

"Muhuri iko wapi?"

Nilikuwa nimefungua mdomo kumjibu. Nilitaka kumwambia iko hapo, tazama vizuri, mama. Ndipo nikaona kijia. Nikaona kinu cha posho, na ua, na Omagor akiinamisha kichwa chini ya kamba ya nguo.

Nilianza kueleza. Nilisema mimi ni wakala wa forodha, miaka thelathini na moja, nikatoa kitambulisho cha kazi. Hilo ndilo lililonimaliza. Alikisoma, akanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko tusi. "Kwa hii kitabu, ssebo, wewe hauko Uganda. Sasa mtu hayuko, mimi nitamtoa namna gani?"

Hakunitukana. Hakuniomba kitu. Alifanya kazi yake jinsi ambavyo mimi ningeifanya. Mkubwa wake alinisikiliza, akaandika maelezo yangu, akasema nirudi Busia nikaingie upya kwa njia halali. Nikamwambia ndege inaondoka baada ya saa moja na nusu. Akasema, "Ninajua, mzee." Nikamwambia kuhusu dakika mbili na nusu. Akasema pole sana. Niliuliza ndege nyingine kila dirisha. Ya kwanza yenye nafasi ni Jumapili jioni.

Nimempigia Brendah mara sita. Yuko mazoezini, simu imezimwa. Nimemwandikia: "Nimezuiliwa Entebbe. Sina muhuri wa kuingia." Nikiusoma ujumbe huo hata mimi siuamini.

Jumamosi, 17 Mei

Nilirudi Busia asubuhi, mvua inanyesha. Wilkister alinifungulia mlango, akatazama begi, akalipokea. Saa nane na nusu za London ni saa kumi na nusu zetu. Nilikaa sebuleni na suti yangu. Mvua ilipiga mabati kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili, matone machache, halafu yote kwa pamoja. Nilitamani kupanda juu niyang'oe mabati yale.

Jumapili, 18 Mei

Amepiga simu. Wilkister aliongea naye kwanza jikoni, kwa muda mrefu, kisha akaniletea.

"Baba, miaka thelathini unawatafutia watu mihuri."

"Ndiyo."

"Mimi nimekua nikisikia hiyo maneno yako ya mandazi kila siku. Na sasa unataka niamini wewe ulisahau muhuri. Wewe."

"Ndiyo, mama. Nilipita chini. Sikufikiria."

Nyuma yake nilisikia watu wakicheka na kuburuta masanduku. Walikuwa wanafungasha vitu vya jukwaa.

"Kwanza ulikuwa uje Jumatano, ukasema mashine. Ukasema Ijumaa, sasa ni muhuri. Ungesema tu hutaki, Baba. Mimi ningeelewa. Nimezoea." Kisha, kwa sauti ya chini: "Niliangalia kiti nikiingia. Mtu wa pembeni alikuwa ameweka koti yake hapo. Nimecheza yote nikiangalia hiyo koti."

Nilikuwa na yale maneno manne niliyokariri. Hayakutoka. Nilisema, "Pole." Akasema usiku mwema, na huko ilikuwa mchana.

Ingekuwa ni uongo, ningetunga ulio bora zaidi: malaria, ajali ya basi, daraja kuvunjika. Ukweli wangu ndio sababu pekee ambayo hakuna anayenijua anaweza kuisadiki. Nimeijenga sifa yangu tofali kwa tofali, na leo imenifungia nje.

Jumatatu, 19 Mei

Kibet amesikia. Mji mzima umesikia. Amesimama mlangoni kwangu akasema, "Boss, mganga hajigangi, ama namna gani?" Madereva wakacheka. Mama wa mandazi alinifungia mandazi mawili kwenye gazeti bila kuniangalia.

Jumanne, 20 Mei

Ni Omagor. Yeye ndiye dereva, yeye ndiye aliyeshika usukani. Alijua naenda Ulaya, alikishika kile kitabu kwa mikono yake. Kichwa gani kile kinachombeba mtu wa pasipoti kupitia chooni? Nimemwambia mbele ya wenzake wa steji ya pikipiki asinibebe tena. Alisema tu, "Sawa, mzee." Hakujitetea, nami nikaona hiyo ndiyo dalili ya hatia.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua nyepesi. Nimefungua ukurasa wa tarehe 16, ule wa ndani ya basi, mwandiko unaoruka ruka. Nimeandika mwenyewe: Omagor akaniuliza, juu ama chini. Aliniuliza. Na Apolot aliniuliza. Na Wilkister alisema Nairobi. Watu watatu walinishika koti na nikawakung'uta wote.

Ijumaa, 23 Mei

Nimemfuata Omagor steji, nikamwomba msamaha mbele ya wale wale. Akasema, "Mzee, mimi nilijua hapo kwenye kamba ya nguo. Nilitaka kuuliza tena. Lakini wewe si mtu wa kuulizwa mara mbili." Hakusema kwa ubaya. Maneno hayo nimetembea nayo siku nzima, na nadhani hata Brendah angeweza kuyasema.

Jumatano, 28 Mei

Nilimrudishia Wilkister vifuniko. Alivihesabu kwa kidole, vinane, akavirudisha nyuma ya sufuria. Nikamwuliza kama yeye ananiamini. "Mimi nakuamini," akasema, "kwa sababu mimi nimeishi na wewe. Yeye alikuwa anakungoja tu."

Jumapili, 1 Juni

Simu imelia baada ya misa. Nilikaa ndani, sikutoka uani. Wameongea nusu saa. Hakuniulizia.

Jumatatu, 2 Juni

Mvua imekatika. Foleni imekwisha kabisa, naliona lango kutoka mlangoni pangu. Kibet amekuja tena na fomu isiyo na muhuri, akajikunyata akingoja matusi. Sikumtukana. Nimechukua pasipoti yangu, nikaenda naye mpaka kaunta, nikapanga foleni nyuma yake.

Afisa alinitambua. "Mzee Egesa! Wewe na foleni? Safari ya nini?"

"Kununua mchele."

Akagonga. Ni muhuri wa kwanza kwenye kitabu kile, umekaa ukurasa unaotazamana na visa, wino wake bado unang'aa. Nilitoka nje nikaupiga picha, nikamtumia Brendah. Sikuandika neno. Nilisimama kwenye jua na simu mkononi mpaka nikaona amefungua.

Jibu limekuja jioni, neno moja. "Nimeona."

Yeye ameona. Mimi ndiye sijamwona.